Umbali na Mwendo katika Nyanda za Juu za Kusini

Wazee wetu walipoulizwa umbali wa safari hawakutaja maili. Walitaja siku za mwendo na mahali pa kulala. Msafara wa wapagazi ulikwenda yapata kilomita 20 kwa siku, kwa hiyo safari ya Iringa hadi Mbeya iliwachukua wiki mbili au zaidi. Umbali ulipimwa kwa miguu ya binadamu.

Mwaka 1932 kipimo kipya kilipita angani. Shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilifungua njia ya ndege kutoka London hadi Cape Town, karibu maili 8,000, kwa ratiba ya siku 11 hivi. Ndege za siku hizo hazikuweza kwenda mbali bila kujaza mafuta; ndiyo sababu zilitua Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha zikaendelea hadi Mpika. Kutoka Dodoma hadi Mbeya ni kama kilomita 400 angani. Mpagazi angetembea siku 20. Ndege iliruka kwa muda wa saa mbili na nusu hivi.

Je, mwananchi wa Nyanda za Juu alipata nini? Ndege ile ilibeba barua za serikali, za wafanyabiashara na za walowezi. Mkulima wa Idodi aliendelea kutembea. Tena mwaka 1937 shirika lilipoanza kutumia ndege za kutua majini, njia kuu ilihamishiwa pwani, ikapitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Mbeya ikaachwa kando. Milima haikusogea, mahitaji ya wenye njia ndiyo yaliyobadilika.

Baada ya Uhuru tulianza kupima umbali kwa mahitaji yetu wenyewe. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia ilijengwa, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Mwaka 2012 uwanja wa ndege wa Songwe ulifunguliwa karibu na Mbeya.

Hata hivyo, tuitazame tena Idodi. Kwa mstari ulionyooka, kutoka hapo hadi Mbeya hazizidi kilomita 250. Lakini upande wa magharibi ipo Hifadhi ya Ruaha. Mwenye gari hurudi kwanza mashariki hadi Iringa, ndipo ashike barabara ya Makambako, na safari yake hukaribia kilomita 400. Wakati huo huo, ndege ndogo za watalii hutua Msembe, ndani ya hifadhi, jirani na Idodi.

Basi tunapofundisha historia ya usafiri, tusiishie kuuliza chombo kilikwenda kasi gani. Tuulize pia kilimbeba nani, na kilimpita nani njiani.