Baraza la Wenye Mizaha: Kicheko, Hamu na Kumbukumbu katika Ujerumani ya Mashariki

Utangulizi

Jina la Leipzig si geni kwa Walutheri wa Tanzania, kwa maana wamisionari walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa kutoka huko. Makala hii yautazama mji huo kwa upande mwingine: kama mahali ambapo wanafunzi walithubutu kuicheka dola isiyotaka kuchekwa. Twauliza pia: Kanisa lifanye nini, watu waliowekwa huru wanapoanza kuziimba nyimbo za utawala uliowabana, huku wakitabasamu?

Kicheko chenye gharama

Mwaka 1954 wanafunzi wa Leipzig waliunda kundi la maigizo ya dhihaka, wakaliita Rat der Spötter, yaani Baraza la Wenye Mizaha. Msomaji wa Biblia hatakosa kuikumbuka Zaburi ya 1. Hata hivyo, shabaha ya mizaha yao haikuwa Mungu, bali maneno matupu ya wakubwa wa nchi. Mwezi wa Septemba 1961, majuma machache baada ya ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, walikamatwa kwa shtaka la uchochezi. Kiongozi wao, Peter Sodann, alikaa mahabusu karibu miezi 9. Naye hakuwa adui wa ujamaa. Alikuwa mwanachama wa chama kilichotawala. Dola ile haikustahimili kuchekwa hata na wana wake yenyewe.

Nafasi zilipofungwa kwingineko, mara nyingine Kanisa lilifungua mlango. Mwezi wa Septemba 1976 Wolf Biermann, mwimbaji aliyekuwa amepigwa marufuku tangu 1965, aliimba katika kanisa la Mtakatifu Nikolai huko Prenzlau. Miezi miwili baadaye, akiwa ziarani magharibi, alivuliwa uraia. Mwezi mmoja tu kabla ya uimbaji ule, mchungaji Oskar Brüsewitz alikuwa amejichoma moto huko Zeitz, akipinga jinsi vijana walivyokandamizwa shuleni.

Kicheko kisicho na gharama

Ujerumani iliungana tarehe 3 Oktoba 1990. Mashirika ya umma yaliyoajiri watu kama milioni 4 yaliwekwa chini ya mamlaka moja, Treuhand, ili yauzwe au yafungwe. Wengi walipoteza kazi, na pamoja na kazi heshima yao. Ndipo likaenea neno Ostalgie, yaani hamu ya mashariki. Katika sherehe za miaka ya 1990 watu walivaa tena shati la buluu la umoja wa vijana wa kikomunisti na kuimba nyimbo za zamani, nusu kwa dhihaka, nusu kwa kutamani. Dhihaka na hamu zilivaa shati moja, hata mtazamaji asiweze kuzitenganisha.

Si vyema kulipuuza jambo hili. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha kwenye ukuta wa Berlin peke yake. Kwa mama aliyefiwa na mwanawe pale, shati lile si mchezo. Lakini si haki pia kuwakemea wote wanaotamani yaliyopita. Katika Kutoka 16 Israeli waliyakumbuka masufuria ya nyama ya Misri kwa sababu njaa yao jangwani ilikuwa ya kweli. Mungu hakuwarudisha Misri; wala hakuidharau njaa yao, bali aliwapa mana.

Hitimisho

Mwaka 1991 Martin Weskott, mchungaji wa Katlenburg upande wa magharibi, alikwenda kuokota vitabu vya Ujerumani ya Mashariki vilivyotupwa jalalani karibu na Leipzig. Aliwagawia wasomaji, na sadaka zao zikasaidia wenye njaa kupitia shirika la Brot für die Welt. Sodann naye, yule aliyefungwa kwa kucheka, alikusanya vitabu vya nchi iliyomfunga, na mwaka 2012 maktaba yake ilifunguliwa katika kijiji cha Staucha. Alifariki mwaka 2024.

Wawili hawa hawakuusifu utawala ule, wala hawakukubali kwamba maisha ya watu milioni 16 yawe takataka. Nadhani hiyo ndiyo kazi ya mchungaji kati ya watu wenye hamu ya jana: kuitunza kumbukumbu yote, ya gereza na ya karamu pia, na kuuliza ni njaa gani ya leo inayowafanya waimbe.