Mkono wa Mlishaji: Kinu cha Miwa na Suala la Kasi

Katika Candide, riwaya ya Voltaire ya mwaka 1759, yumo mtumwa wa Suriname asiye na mkono mmoja. Anaeleza kwamba kidole kikinaswa na kinu cha miwa, mkono hukatwa. Riwaya ni ya kubuni; desturi haikuwa ya kubuni. Katika mashamba ya Karibi, mlishaji wa kinu, mara nyingi mwanamke, alisukuma miwa baina ya rola kwa mikono yake, mchana na usiku, msimu mzima. Kando yake liliwekwa panga au shoka, ili akinaswa akatwe mkono kabla rola hazijamvuta mzima.

Kwa nini usiku pia? Mua ukishakatwa haungoji. Sukari yake huanza kuharibika, na kila siku inayopita ni hasara. Ndiyo maana Sidney Mintz, katika kitabu chake cha 1985, alidai kwamba nidhamu ya zamu na saa, tunayozoea kuihusisha na viwanda vya Ulaya, ilionekana mapema katika mashamba ya miwa ya watumwa. Somo hili mitaala yetu hulipita kimyakimya.

Baadaye mvuke ulichukua nafasi ya ng'ombe, na mkanda wa kusafirisha miwa ukachukua nafasi ya mikono. Tatizo la kasi likabaki. Miwa ikizidi, kinu hukwama. Ikipungua, rola hazishibi na ukamuaji huwa hafifu. Ilimpasa mtu kusimama, kutazama na kukisia. Katika karne ya 20 mafundi wa Australia waliendeleza bomba refu la wima juu ya rola, liitwalo Donnelly: miwa iliyochanwa hujazana humo, na uzito wake wenyewe huisukuma chini. Vitambuzi hupima kimo chake. Kimo kikishuka, mkanda huongeza kasi, kikipanda, hupunguza. Hakuna tena mkono unaohitajika karibu na rola.

Hayo ni maendeleo, wala sioni haya kuyasifu. Ila tuulize mtambo huo umeagizwa kulinda nini. Umeagizwa kulinda kinu. Kinu kikisimama, mkanda husimama. Nje, foleni ya matrekta hurefuka, na huko hakuna kitambuzi. Magharibi mwa Kenya, ambako kwa miaka mingi mkulima amelipwa kwa uzito, mua unaolala ukisubiri mizani hukauka, na ukavu huo hukatwa katika malipo yake, si ya kiwanda.

Kwa wasomaji mlio katika ofisi zinazoandika kanuni za sukari: stakabadhi ya mizani inaweza kuandikwa saa tatu, yaani ya kukatwa mua, ya kufika getini na ya kupimwa. Ucheleweshaji ukisababishwa na kiwanda, fidia ikokotolewe kutokana na saa hizo.