Chupa ya Fanta Nayo Ilikuwa ya Kukopa

Kuanzia Kitale hadi Bungoma nimesikia ubishi huu mara nyingi: mwanamuziki mzee akibadilisha sauti, amekua ama ameharibu? Wazee wanataka gitaa kavu la zamani. Vijana wanasema hayo ni mambo ya makumbusho. Mimi naona pande zote zimesahau historia.

Tuanzie mbali. Jethro Tull wa Uingereza walitoa albamu yao ya kwanza, This Was, mwaka wa 1968, na ilijaa blues. Mpiga gitaa Mick Abrahams alitaka wabaki hapo. Mambo hayakuelewana, akaondoka. Wenzake wakafuata filimbi, muziki wa kijijini na nyimbo ndefu za roki. Halafu 1991, wakiwa wakongwe, wakatoa Catfish Rising, na blues ikarudi, safari hii pamoja na mandolini. Blues yenyewe si ya Waingereza, ni ya Wamarekani weusi. Waliikopa wakiwa vijana, wakaikopa tena uzeeni.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 1992, GlobeStyle ya London ilitoa Nursery Boys Go Ahead! ya Abana ba Nasery kutoka Bunyore: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola. Hawa walikuwa wanapiga omutibo tangu miaka ya 60, magitaa mawili na chupa ya Fanta inayokwaruzwa kwa chuma. Kwenye albamu hiyo wanamuziki wa Uingereza waliingia na ala zao, wakiwemo wa Oyster Band, bendi ya folk-rock.

Kuna mtu atasema hiyo si omutibo halisi. Halisi gani? Magitaa mengi yaliletwa na askari waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Pili. Ufundi wa vidole ulivuka mpaka kutoka Katanga, kwa watu kama Mwenda wa Bayeke. Hata chupa ni ya kampuni ya soda! Kilicho chetu ni lugha, mdundo, na jinsi gitaa linavyomjibu mwimbaji. Mimi nikisikiliza hapo, nasikia litungu la Wabukusu.

Kwa hivyo mchanganyiko haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba ili nisikie wazee wa jirani zetu wa Bunyore, ilibidi kwanza London iwahifadhi. Kwenye disko matanga huku Bungoma spika zinatetemesha mabati mpaka asubuhi, na unaweza kukesha usisikie omutibo hata moja, ilhali marehemu mwenyewe labda aliicheza ujanani.

Kama kwenu Kiminini ama Kimilili kuna mzee bado ana gitaa ukutani, usimwambie apige vile alivyopiga zamani. Akitaka kuongeza kinanda, aongeze. Akitaka blues, sawa. Wewe washa simu, urekodi, na uandike jina lake vizuri.