Walioshika Daftari la .tz: Historia Fupi ya tzNIC

Matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, Chala nzima, huku kwetu Nkasi, huinamia simu. Mzazi aliyetoka kupalilia maharage, mwalimu wa sekondari, kijana mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala, wote huandika anwani ileile: necta.go.tz. Anayesubiri kujua mwanawe amepangiwa shule gani huenda tamisemi.go.tz. Anayetafuta mkopo wa chuo huenda heslb.go.tz, na anayetaka kusoma matangazo ya halmashauri yetu ya Nkasi bila kupanda gari hadi Namanyere hufungua nkasidc.go.tz. Herufi mbili za mwisho huandikwa haraka kuliko zote, na ndizo zinazobeba anwani nzima. Kwa miaka mingi zilitunzwa na taasisi ndogo isiyotafuta faida, Kituo cha Taarifa za Mtandao Tanzania, ambacho walio karibu na kazi hiyo walikijua kwa kifupi chake: tzNIC. Inastahili kukumbukwa, hata huku kwetu Ufipa ambako haikuwahi kuwa na ofisi.

Herufi hizo ni za zamani kuliko intaneti yenyewe. Mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha kwa mara ya kwanza orodha ya alama za herufi mbilimbili za nchi za dunia, na Tanzania ikaitwa TZ. Mwaka huohuo mkoa wetu wa Rukwa ulizaliwa. Na mwaka huohuo serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuzitumia katika hesabu za Hazina kuleta hasara na vurugu. Marufuku ile ilidumu kwa miaka mingi, na ilipolegea taifa lilikuwa na watu wachache sana wenye ujuzi wa mashine hizo. Kila anayetaka kuelewa kwa nini mambo ya mtandao yalichelewa kushika mizizi Tanzania aanzie hapo.

Aliyezitumia alama zile kugawa majina ya mtandao alikuwa Jon Postel, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Southern California. Postel hakutaka kuwa hakimu wa kuamua nchi ni ipi na ipi siyo, kwa hiyo aliifuata orodha iliyokuwapo tayari. Machi 1994 alitoa waraka wa kueleza jinsi majina ya nchi yanavyopaswa kusimamiwa, na ndani yake mna wazo ambalo kwangu ndilo moyo wa historia hii yote: anayekabidhiwa jina la nchi ni mdhamini tu. Kuuliza jina ni mali ya nani hakufai. Kinachofaa ni kuuliza anayelishika anawajibika kwa nani na anawahudumia vipi. Jina la .tz liliingizwa katika daftari la dunia tarehe 14 Julai 1995, miezi michache kabla ya Watanzania kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe.

Katika miaka ile ya mwanzo, majina ya nchi nyingi za Afrika yalikuwa mikononi mwa mtu mmojammoja mwenye ujuzi na moyo wa kujitolea. Kenya, .ke ilianza mwaka 1993 chini ya Shem Ochuodho, akisaidiwa na Randy Bush, Mmarekani aliyezifungulia njia nchi nyingi za bara hili. Uganda, .ug ilishikwa na Charles Musisi. Rwanda ilikaa miaka mingi jina lake likiendeshwa kutoka Ulaya, hadi shirika lake la RICTA lilipokabidhiwa mwaka 2012. Hatuna budi kuwashukuru watu hao. Lakini mtu huugua, huhama, hugombana na serikali, hufa; na jina la nchi haliwezi kungoja apone.

Tulio upande huu wa Ziwa Tanganyika tuna mfano wa karibu wa jinsi jina linavyoweza kupotea. Ng'ambo ya pili, maboti yanakovuka kutoka Kirando na Kabwe, palikuwa Zaire, na anwani zake ziliishia na .zr. Mei 1997 Mobutu akaanguka, nchi ikabadilishwa jina na kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na herufi zake mpya zikawa .cd. Mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa katika daftari la dunia. Kila kilichokuwa bado kimesajiliwa chini yake kikakosa anwani. Sisi kwetu Muungano ulidumu na jina likadumu, na Zanzibar nayo hutumia .tz katika tovuti za serikali yake. Hilo ni jambo la kushukuru, maana mtandaoni hakuna kitu chepesi kufutika kama mstari wa daftari.

Kenya ilitangulia kutafuta dawa ya jina la nchi kumtegemea mtu mmoja. Mwaka 2002 iliundwa KENIC, chombo kisicho cha faida kilichowakutanisha serikali na watoa huduma. Tanzania ilikuwa tayari na pande mbili za kukutana. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilianza kazi Novemba 2003. Kwa upande wa pili kulikuwa na TISPA, chama cha kampuni zinazotoa huduma za intaneti, ambacho mwaka 2004 kiliwezesha kuanzishwa kwa kituo cha Dar es Salaam cha kubadilishana mawasiliano ya mtandao, ili ujumbe wa Mtanzania kwenda kwa Mtanzania mwenzake usizunguke kwanza Ulaya au Marekani. Kampuni hizo zilikuwa zikishindana kibiashara, na zikawa zimeshajifunza kukaa meza moja. Bila mazoea hayo sidhani kama hatua iliyofuata ingewezekana.

Mwaka 2006 TCRA na TISPA walisajili tzNIC. Umbo lake la kisheria lilikuwa kampuni yenye ukomo wa dhamana: haikuwa na hisa wala gawio, na wanachama wake hawakuchukua faida. Fedha za ada zilirudi katika kuendesha huduma. Umbo hilo lilichaguliwa kwa busara. Kama daftari lingepewa kampuni ya biashara, kila jina lingekuwa bidhaa ya kupandishwa bei. Kama lingebaki ndani ya idara ya serikali peke yake, wahandisi wanaolitumia kila siku wasingekuwa na sauti. Hapa mdhibiti na wanaodhibitiwa walishika kalamu moja.

Kuisajili kampuni ni jambo moja, kukabidhiwa jina la nchi ni jingine. ICANN, shirika la Marekani linalosimamia mfumo wa majina duniani, huhamisha jina la nchi pale tu mwombaji anapoonyesha kwamba ana uwezo wa kiufundi, kwamba serikali imeridhia, na kwamba jamii ya watumiaji nchini inamuunga mkono. Miaka ikapita katika maandalizi: kutunga kanuni, kufundisha wataalamu, kufunga seva, kusafisha kumbukumbu. Mwaka 2010 ndipo .tz ilipokabidhiwa rasmi kwa tzNIC. Aliyeiongoza taasisi kwa miaka mingi ni Mhandisi Abibu Ntahigiye, ambaye pia alifika hadi katika baraza la kimataifa la wasimamizi wa majina ya nchi ndani ya ICANN, akizungumza kwa niaba ya Afrika. Ofisi yenyewe ilikuwa ya watu wachache, katika jengo la Millennium Towers, Dar es Salaam.

Katika kutafuta mitambo, tzNIC ilifanya uamuzi ninaoupenda kuliko yote. Haikukimbilia programu za gharama kubwa. Ilichukua programu iitwayo FRED, iliyotengenezwa Prague na CZ.NIC, chama kisicho cha faida kinachotunza jina la Jamhuri ya Cheki, ambacho kinaigawa bure na kuruhusu kila mtu aifungue na kuisoma ndani. Angola nayo iliitumia. Kwa hiyo Watanzania waliweza kujifunza mtambo hadi kwenye chembe zake, kuurekebisha, na kuuendesha wenyewe.

Daftari lilipangwa kwa matawi. co.tz ni ya biashara, or.tz ya asasi zisizo za faida, ac.tz ya vyuo, sc.tz ya shule, go.tz ya serikali, mil.tz ya jeshi, ne.tz ya wenye mitandao. Yakaongezwa me.tz ya watu binafsi, info.tz, mobi.tz, tv.tz, na hotel.tz kwa ajili ya utalii. tzNIC ilitunza daftari. Kuuza majina kuliachwa kwa wasajili walioidhinishwa, yaani kampuni ambazo mtu huziendea kununua domeni, kama mafundi wa tovuti wanavyosema. Mpangilio huo wa mwenye daftari kutokuwa muuzaji ndio uliowapa vijana wengi wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza biashara zao za kwanza za mtandao.

Kazi ya daftari lenyewe ni hii. Mtu wa Chala anapoandika necta.go.tz, simu haijui necta ipo wapi. Kampuni ya simu humuulizia kwa seva za mizizi ya dunia: nani anaijua .tz? Zinajibu kwa kutaja seva za Tanzania. Hizo nazo huulizwa juu ya go.tz, kisha necta, hadi namba halisi ya mashine yenye matokeo ipatikane. Safari yote huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Seva za .tz zikizimika, majibu yanaweza kuishi kwa muda katika kumbukumbu za kampuni za simu, kisha anwani za Tanzania nzima zinaanza kupotea moja baada ya nyingine, hata kama mashine za Baraza la Mitihani ni nzima kabisa. Ndiyo maana seva za jina la nchi huwekwa sehemu nyingi, ndani na nje ya mipaka, na ndiyo maana tzNIC iliongeza sahihi za kidijitali katika .tz, ili anayeuliza aweze kuthibitisha kwamba jibu halikughushiwa njiani.

Wakati ulisaidia. Julai 2009 nyaya za SEACOM, zilizofika pwani ya Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, zilianza kutoa huduma, na mkongo wa taifa ukaendelea kutandazwa kuelekea mikoani, hadi Sumbawanga. Uwanda wetu, ambao kwa muda mrefu ulitegemea umeme wa Zambia, ukaanza kuunganishwa na mambo ya Dar es Salaam kwa nyuzi za kioo. Mwaka 2017 mikoa na halmashauri zote za Tanzania Bara zilipewa tovuti kwa mfumo mmoja, na hapo ndipo nkasidc.go.tz na rukwa.go.tz zilipopata sura tunayoijua. Bajeti, nafasi za kazi, orodha za walioitwa kwenye usaili: mambo yaliyokuwa yakibandikwa ukutani mjini sasa yana mahali ambapo mtu wa Kabwe na mtu wa Kirando wanafika kwa usawa.

Kuna sura nyingine isiyofaa kurukwa. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 na kanuni zake ziliigeuza .tz kuwa pia suala la wajibu. Desemba 2016 mwanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, Maxence Melo, alifikishwa mahakamani Kisutu, na moja ya mashtaka lilikuwa kuendesha tovuti isiyosajiliwa chini ya .tz. Nasema bila kuficha: jina la nchi lisitumike kama pingu. Waraka wa Postel uliuweka msingi katika huduma, na watu wa tzNIC waliutumia muda wao mwingi kuwashawishi wafanyabiashara, shule na asasi kwamba .tz ni ya kuaminika na iko karibu. Mtu akilichagua jina la nchi yake kwa sababu linafanya kazi vizuri, atalilipia mwaka hadi mwaka bila kusukumwa.

Ushawishi huo bado haujafika kwetu vya kutosha. Ufipa inalisha mahindi, maharage, ngano na alizeti masoko ya mbali, lakini pita barabara ya Sumbawanga hadi Chala usome mabango: namba ya simu, pengine anwani ya barua pepe ya bure ya kampuni ya Marekani. Wakamuaji wa alizeti wanaouza mafuta hadi mikoa mingine, vyama vya msingi, shule za misheni, nyumba za wageni, wote hao wana haki ya co.tz, or.tz, sc.tz na hotel.tz. Msajili aliye Dar es Salaam humhudumia mtu wa Chala kwa simu na malipo ya simu, hakuna safari.

Baadaye kazi ya daftari ilihamia TCRA yenyewe, na wasajili sasa wanafanya kazi na Mamlaka moja kwa moja. Seva zinajibu, majina yanaendelea kusajiliwa, na mtumiaji wa kawaida hakuona tofauti. Hilo peke yake ni ushahidi wa ubora wa kazi iliyorithiwa. Kilichobadilika ni meza. Pale tzNIC palikuwa na viti viwili, cha serikali na cha watoa huduma, na kila uamuzi wa ada au wa kanuni ulipita mbele ya wote wawili. TCRA ingefanya vema kukirudisha kiti cha pili kwa njia yoyote itakayoona inafaa, na kuongeza cha tatu kwa ajili ya wanaolitumia jina: shule, vyama vya wakulima, wenye tovuti ndogo za mikoani. Na kumbukumbu za tzNIC, kuanzia makabidhiano ya 2010, mijadala ya kanuni za matawi, hadi orodha ya majina ya mwanzo kabisa ya .tz, zipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla waliozitengeneza hawajastaafu wote.