Mavazi na Silaha za Waanglo-Saksoni

Huko Uingereza wako watu wanaopenda kuigiza vita vya kale. Hushona mavazi ya zamani, hushika mikuki na ngao, hukusanyika karibu na Hastings, mahali alipouawa mfalme Harold tarehe 14 Oktoba 1066. Mchezo huo ni mzuri, maana unafundisha. Lakini pengine mtu hujivika kofia ya chuma mfano wa ile ya mfalme wa mwaka 625 hivi, kisha husema: «Mimi ni askari wa Harold.» Kumbe, amechanganya miaka zaidi ya 400!

Waangli na Wasaksoni walivuka bahari katika karne ya 5, nao walikuwa wapagani. Walizika wafu wao pamoja na mavazi na silaha, na makaburi hayo ndiyo yanayotufundisha. Nguo zimeoza, lakini pale zilipogusa bizimu ya chuma kutu imetunza alama za nyuzi. Basi twajua kwamba walivaa sufu na kitani. Mwanamke wa karne ya 6 alivaa gauni refu, lililofungwa kwa bizimu mbili mabegani. Rangi zilitoka katika mimea: mmoja ulitoa buluu, mwingine nyekundu, mwingine manjano.

Na silaha? Wengi hudhani kila mtu alikuwa na upanga. Sivyo. Silaha ya watu wengi ilikuwa mkuki, pamoja na ngao ya mbao. Upanga ulikuwa mali ya wakubwa, nao ulirithiwa. Mwaka 1014 Æthelstan, mwana wa mfalme Æthelred, alimwachia ndugu yake Edmund upanga uliosemwa kuwa wa mfalme Offa, aliyekufa mwaka 796. Kofia za chuma nazo zilikuwa haba. Zilizopatikana ardhini mpaka leo ni za kuhesabu kwa vidole. Hata mwaka 1008 mfalme Æthelred alipoamuru watu wajiandae kwa vita, mashamba manane ya jamaa nane yalitakiwa kutoa kofia moja na deraya moja tu.

Mwaka 597 Mtakatifu Augustino (si yule wa Hippo), aliyetumwa na Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, alifika Kent akaanza kuhubiri Injili. Mioyo haikugeuka siku moja. Padri Beda atueleza kwamba mfalme Rædwald aliweka katika hekalu moja altare ya Kristu na altare ya mashetani. Wataalamu wengi hudhani kwamba ndiye aliyezikwa ndani ya merikebu huko Sutton Hoo, kaburi lililofukuliwa mwaka 1939, ambamo ile kofia ya mwaka 625 ilipatikana. Lakini kofia ya karne ya 8 iliyopatikana York mwaka 1982 ina utepe wa shaba wenye sala ya Kilatini na jina la Oshere. Askari huyo alikwenda vitani na sala juu ya kichwa chake.

Polepole desturi ya kuzika vitu pamoja na wafu ikaisha. Kwa hiyo mavazi ya miaka ya nyuma zaidi twayajua hasa kwa picha za vitabu, na kwa kitambaa kilichotariziwa cha Bayeux, chenye urefu wa meta 70 hivi. Humo askari wa Harold wanaonekana wamevaa deraya ndefu ya pete za chuma na kofia yenye ncha, iliyokinga pua. Wengine wanashika shoka za mpini mrefu.

Basi atakaye kuigiza watu hao ajiulize kwanza: Mwaka gani? Tajiri au maskini? Mkulima aliyeitwa vitani na mkuki wake hana dhahabu ya mfalme, wala si haya kumwonyesha hivyo. Sisi nasi tungechukizwa kama mgeni angewavika mababu zetu mavazi aliyoyabuni mwenyewe, akawaambia watoto: «Ndivyo walivyokuwa.» Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uwongo. Marehemu ni jirani yetu pia, naye hawezi tena kujitetea.