Juba: Mtaro husafishwa kabla ya mvua

Mjini Juba, msimu wa mvua huanza takriban Aprili na kuendelea hadi Oktoba. Maji huteremka kutoka upande wa Jebel Kujur, magharibi mwa mji, kupitia makorongo yaelekeayo Mto Nile. Mtaro mmoja ukiziba kwa chupa za plastiki na tope, maji huingia katika nyumba za majirani.

Hatari si mafuriko pekee. Maji machafu yakifika visimani huweza kueneza kipindupindu, maradhi yaliyoukumba mji huo mwaka 2014.

Mwenye nyumba anashauriwa kuzoa tope kabla ya Aprili na kukagua kalavati la langoni baada ya kila mvua kubwa. Tope lipelekwe mbali. Likiachwa ukingoni, mvua ifuatayo hulirudisha mtaroni.