Visa ndiyo kadi yako ya hospitali ukiwa Uingereza

MKENYA anayejiandaa kwenda Uingereza kusoma au kufanya kazi hukesha akiwazia mambo matatu: karo, nauli na mahali pa kulala. Jambo la nne, yaani matibabu, mara nyingi hulikumbuka siku anapoketi mbele ya kompyuta kujaza fomu ya visa na kukuta kwamba anadaiwa mamia ya pauni kabla ya ombi lake kushughulikiwa.

Wapo wanaolipa pesa hizo wakinung'unika, wakidhani ni kodi ya kumkandamiza mgeni tu. Wapo wanaofika huko na kuugulia chumbani majuma mawili kwa kuogopa bili, ilhali walikwisha kulipia matibabu kabla ya kupanda ndege. Na wapo wanaowaalika wazazi wao kwa furaha, kisha wakabaki na deni la hospitali ambalo mshahara wao hauwezi kulimaliza.

Makosa hayo yote yana asili moja. Wengi hawafahamu kwamba nchini Uingereza haki ya mgeni kutibiwa na serikali hutegemea aina ya visa aliyo nayo na tarehe zilizoandikwa ndani yake. Visa ikibadilika, haki hubadilika. Visa ikiisha, haki huisha.

Huduma ya Taifa ya Afya ya nchi hiyo, maarufu kama NHS, ilianzishwa Julai 5, 1948. Hugharimiwa hasa kwa kodi za wananchi, wala mgonjwa haulizwi kadi ya bima anapomwona daktari. Kinachozingatiwa hospitalini ni ikiwa yeye ni mkazi halali. Uraia peke yake hautoshi. Hata Mwingereza aliyehamia ng'ambo anaweza kutozwa akirudi kwa matembezi tu na kulazwa.

Kwa miaka mingi, mgeni aliyeingia kwa visa ya masomo au kazi alihudumiwa kama mwenyeji bila kulipa lolote la ziada. Mambo yaligeuka kufuatia sheria ya uhamiaji ya mwaka wa 2014, iliyozaa ada ya afya ya wahamiaji. Ada hiyo ilianza kutozwa Aprili 6, 2015, ikiwa pauni 200 kwa mwaka, na pauni 150 kwa wanafunzi.

Tangu hapo imekuwa ikipanda kama gharama ya unga. Mnamo Januari 2019 iliongezwa maradufu kuwa pauni 400 na 300. Oktoba 2020 ikawa pauni 624 na 470. Kuanzia Februari 6, 2024, ilifika pauni 1,035 kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mwanafunzi na kwa mtoto wa chini ya miaka 18.

Ada hiyo hailipwi mwezi baada ya mwezi kama makato ya bima huku nyumbani. Hulipwa yote kwa mkupuo, kwa miaka yote ya visa, wakati wa kutuma ombi. Sehemu ya mwaka isiyozidi miezi 6 hutozwa nusu ya ada ya mwaka. Ikizidi hapo, hutozwa mwaka mzima.

Chukua mfano wa kijana aliyepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili kwa miezi 12. Visa yake kwa kawaida huongezewa muda kidogo kabla ya masomo na miezi 4 baada yake, hivyo hukaribia mwaka mmoja na miezi 5. Atalipa pauni 776 za mwaka wa kwanza na pauni 388 za miezi iliyosalia, jumla pauni 1,164. Ukihesabu pauni moja kwa Sh170, hizo ni Sh197,880, nazo haziondolewi katika karo wala katika ada ya visa yenyewe.

Kwa familia, mzigo ni mkubwa zaidi. Mhandisi anayepewa visa ya kazi ya miaka 3, akiandamana na mkewe na watoto wawili, atatakiwa kutoa pauni 3,622 kwa kila mwaka, yaani pauni 10,866 kwa miaka yote mitatu. Kwa kiwango kile kile cha ubadilishaji, kiasi hicho kinapita Sh1.8 milioni. Ni busara kumuuliza mwajiri mapema ikiwa atasaidia kulipa, kwa kuwa sheria haimlazimishi.

Ombi la visa likikataliwa, ada hurudishwa. Hata hivyo, aliyekubaliwa kisha akaghairi safari, au akarejea nyumbani kabla ya muda, harudishiwi chochote.

Kundi moja la wafanyakazi limesamehewa ada hii. Wauguzi, madaktari na wahudumu wengine wanaoingia kwa visa maalumu ya afya na utunzaji, iliyoanzishwa Agosti 2020, hawailipi, wala wenzi na watoto wao walio chini ya visa hiyo. Jambo hili lina uzito kwa Wakenya, kwa sababu Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapeleka wahudumu wa afya kufanya kazi huko.

Msamaha huo nao umefungwa kwa visa. Muuguzi akiacha kazi hiyo na kuhamia visa ya kawaida ya kazi, ataanza kulipa. Aidha, tangu Julai 22, 2025, Uingereza iliacha kutoa visa kwa watunzaji wa wazee wanaoajiriwa kutoka ng'ambo. Ajenti anayeendelea kuwaahidi vijana kazi hiyo pamoja na matibabu ya bure anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa upande mwingine, mtu mwenye visa tofauti aliyelipa ada, kisha akafanya kazi katika sekta ya afya au utunzaji kwa angalau miezi 6, wastani wa saa 16 kwa wiki, anaweza kuomba arudishiwe ada ya muda huo. Ni haki ambayo haimfikii mtu kwa kuketi, sharti aiombe.

Je, aliyelipa hupata nini? Hupata takriban kila kitu apatacho mwenyeji: kumwona daktari, kupimwa, kulazwa, kufanyiwa upasuaji, na huduma za uja uzito na uzazi. Haki hiyo huanza siku visa inapoanza kutumika. Hakuna miezi ya kusubiri, na aliye na kisukari au pumu hafungiwi nje kwa kuwa aliugua kabla ya kusafiri.

Yapo yasiyolipiwa na ada hiyo. Nchini England, dawa zinazoandikwa na daktari hulipiwa, na tangu Mei 2024 bei imekuwa pauni 9.90 kwa kila aina ya dawa. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini hutoa dawa hizo bure. Huduma ya meno nayo hulipiwa na watu wazima wengi England, ingawa kwa bei iliyopunguzwa, na kumpata daktari wa meno wa NHS anayepokea wagonjwa wapya ni kazi. Vivyo hivyo, kipimo cha kifua kikuu ambacho Mkenya hutakiwa kufanyiwa kabla ya kuomba visa ya zaidi ya miezi 6 hakimo, hujilipia mwenyewe.

Kulipa ada ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kujiandikisha kwa daktari wa familia, ambaye Waingereza humwita GP. Hapa ndipo desturi za Kenya humponza mgeni. Amezoea kuingia hospitali yoyote na kumwona mtaalamu siku hiyo hiyo. Huko, lango la kawaida ni GP wa mtaani. Ndiye humtibu mgonjwa na ndiye humwandikia barua ya kwenda kwa bingwa wa moyo, mifupa au macho.

Kujiandikisha hakulipiwi. Kliniki inaweza kuomba pasipoti au barua inayoonyesha anwani, lakini haipaswi kumkataa mtu kwa sababu tu hana stakabadhi hizo. Aliyeandikishwa hupewa nambari ya NHS yenye tarakimu 10, ambayo hubaki naye hata akihamia mji mwingine. Mtu asiyekimudu Kiingereza anaweza kuomba mkalimani bila malipo, na ni vyema aombe wakati wa kupanga miadi.

Mwanafunzi mpya ajiandikishe katika juma la kwanza, angali mzima. Anayengoja mpaka homa impande hujikuta akijaza fomu akitetemeka. Usiku au wikendi, ugonjwa usio wa kutisha huelezwa kwa simu nambari 111. Hatari ya kufa na kupona huitiwa ambulensi kwa 999.

Tusiwapambie wasomaji mambo. Foleni za NHS ni ndefu. Kipimo rasmi nchini England ni mgonjwa asiye wa dharura kuanza matibabu ndani ya wiki 18 tangu atumwe kwa bingwa, lakini wengi hungoja zaidi ya hapo. Mwenye maradhi ya kudumu abebe dawa za kumtosha majuma ya mwanzo pamoja na barua ya daktari wake wa Kenya inayotaja majina halisi ya dawa hizo.

Sasa tumgeukie mgeni anayesahauliwa zaidi: mzazi anayekwenda kumwona mjukuu. Yeye huingia kwa visa ya matembezi isiyozidi miezi 6. Kwa visa hiyo halipi ada ya afya, na kwa sababu hiyo hana haki ya kulazwa bure. Kenya haimo katika orodha ya nchi zilizo na makubaliano ya kutibiana na Uingereza, na kadi ya SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haitambuliwi na NHS.

Nchini England, mzazi huyo atahudumiwa bila malipo katika idara ya dharura. Lakini akipanda tu kutoka idara hiyo hadi wodini, saa ya bili huanza kuhesabu. Hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya NHS. Ikiwa ni hatari kwa maisha, hospitali haipaswi kungoja pesa ndipo imtibu, lakini bili itafuata. Ikiwa ugonjwa unaweza kungoja hadi arejee nyumbani, hudaiwa malipo kabla ya kuguswa. Mama mjamzito naye hafukuzwi kwa kukosa pesa, ila hudaiwa baadaye.

Deni hilo halifi mtu anapopanda ndege. Likifika pauni 500 na kukaa miezi 2 bila kulipwa wala kupangiwa malipo, jina la mgonjwa huweza kupelekwa kwa idara ya uhamiaji, na ombi lake lijalo la visa likakataliwa kwa sababu hiyo. Bibi aliyeugua safari moja anaweza kukosa kuwaona wajukuu tena.

Dawa ya hayo ni bima ya safari, inayonunuliwa Kenya kabla ya kuondoka. Mzazi ataje wazi ikiwa ana shinikizo la damu au kisukari, kwa maana bima iliyonunuliwa kwa kuficha ugonjwa huvunjika siku inapohitajika.

Hata hivyo, zipo huduma ambazo England haimtozi mtu yeyote, awe na visa gani au asiwe nayo. Miongoni mwake ni kupimwa na kutibiwa maradhi ya kuambukiza kama kifua kikuu, na tangu Oktoba 2012, Ukimwi pia. Huduma ya GP nayo haitozwi. Anayekohoa damu asijifiche kwa hofu ya gharama.

Mambo mawili ya mwisho huwanasa hata walioishi huko muda mrefu. La kwanza ni mtoto anayezaliwa. Mtoto wa mzazi aliyelipa ada hutibiwa bure kwa miezi 3 ya kwanza. Baada ya hapo anahitaji visa yake na ada yake. Wazazi wengi hujisahau wakiendelea kupokea pongezi.

La pili ni tarehe ya visa kuisha. Anayetuma ombi la kuongezewa muda kabla ya siku hiyo huendelea kulindwa akingoja uamuzi. Anayechelewa, hata kwa siku moja, huweza kuamkia wodini akiwa mdaiwa.

Kwa hivyo msomaji anayefunga mizigo, au anayemfungia mwanawe, aisome visa kama asomavyo tiketi ya ndege: ni ya aina gani, inaanza lini na inaisha lini. Humo ndimo mlimoandikwa ikiwa siku ya kuugua ataambiwa aketi amngoje daktari, au ataulizwa kwanza bili itatumwa kwa nani.